Binti wa Mshona Viatu Aliyeitia Bahari Ndani ya Kioo

Mji wetu wa Nakuru umekaa zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na anayetaka kuiona Bahari Hindi hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 600 hadi Mombasa. Kwa mtoto aliyezaliwa Bahati, Molo au Gilgil, bahari ni neno la kitabuni tu. Huichora kwa rangi ya samawati, huyakariri majina ya wanyama wake, hupata alama zake katika mtihani, kisha huyasahau yote kabla ya likizo kwisha. Mimi nimekuwa mwalimu wa bayolojia kwa muda mrefu, na nakiri kwamba ni mmoja wa wale waliowafunza vijana bahari iliyokufa.

Miaka kadhaa iliyopita, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walinijia na ombi lililonishangaza. Walitaka tuunde tangi kubwa la kioo shuleni, tulijaze maji ya bahari na kufuga humo samaki wa miamba ya matumbawe. Nilikubali kwa pupa. Fundi mmoja mjini akatukatia vioo na kuviunga kwa gundi. Usiku wa kwanza tangi likavuja, na asubuhi tukakuta sakafu ya maabara imegeuka dimbwi. Tukaliziba. Maji ya bahari yakaletwa kwa mitungi ndani ya basi, na samaki wanne wadogo, walionunuliwa kwa mfanyabiashara mwenye leseni, wakafika wakiwa hai. Tukawatia majini siku iyo hiyo, tukapiga makofi. Kufikia siku ya tisa, wote wanne walikuwa wamekufa.

Hapo ndipo lawama zilipoanza. Baadhi ya walimu wenzangu walinena kuwa fedha za wazazi zimemwagwa bure. Wengine walisema kwa mzaha kwamba Mwenyezi Mungu aliiweka bahari Mombasa kwa sababu zake, wala hakutuomba tuihamishe. Tangi likasukumwa pembeni mwa ghala, likawa mahali pa kuhifadhia vitabu vikuukuu. Siku moja msichana mmoja, mpole, asiyezoea kuuliza maswali darasani, alinifuata nje akataka kujua ni nani aliyekuwa wa kwanza kulijaribu jambo hilo duniani, na iwapo wanyama wake nao walikufa. Sikuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa mwanamke ambaye ningependa tuyatazame maisha yake leo, naye ni Jeanne Villepreux-Power.

Jeanne Villepreux alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka wa 1794 katika kijiji cha Juillac, jimbo la Corrèze, nchini Ufaransa. Hicho kilikuwa kijiji cha bara, ambako watu waliishi na kufa bila ya kuliona wimbi. Baba yake alikuwa mshona viatu. Mama yake alifariki Jeanne akingali mtoto. Masomo aliyoyapata yalikuwa machache, yale ya kumwezesha kusoma na kuandika, na hapakuwa na mtu kijijini ambaye angebashiri kuwa jina la binti huyo lingekuja kutajwa katika mikutano ya wataalamu wa London.

Mwaka wa 1812, akiwa na umri wa miaka 18 hivi, alifunga safari ya kwenda Paris kutafuta kazi ya ushonaji. Alikwenda kwa miguu. Mwendo wenyewe ulikuwa zaidi ya kilomita 400, sawa na mtu atoke Nakuru kwa miguu hadi Mtito Andei. Aliyepewa jukumu la kumlinda njiani alikuwa jamaa yake mwenyewe, lakini jamaa huyo alimgeuka na kumdhulumu, kisha akatoroka na hati zake. Msichana akabaki ugenini bila ya kitambulisho, ikambidi atafute hifadhi na kungoja hati nyingine. Alipofika Paris hatimaye, kazi aliyoahidiwa ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwingine.

Ningependa wanafunzi wasimame kidogo hapa. Wangapi miongoni mwetu wangerudi kijijini wakiwa na kisa cha kuwasimulia majirani kuhusu ubaya wa dunia? Jeanne hakurudi. Alipata nafasi ya usaidizi katika duka jingine la mshonaji, akaanzia chini, na mikono yake ikasifika kwa kutarizi. Mwaka wa 1816 alishiriki kulitarizi vazi la harusi la Binti Mfalme Caroline wa Sicilia, aliyekuwa akiolewa na Mtawala wa Berry. Kwa ajili ya kazi hiyo alijulikana, na katika kujulikana huko akakutana na mfanyabiashara mmoja, James Power. Walioana mwaka wa 1818 mjini Messina, katika kisiwa cha Sicilia, na huko wakaishi kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mke wa mfanyabiashara mwenye mali, katika zama hizo, hakutarajiwa kufanya jambo lolote zaidi ya kupokea wageni na kuvaa vizuri. Jeanne aliuchukua wakati wake akaugeuza shule. Alijifunza mwenyewe elimu ya viumbe. Alikizunguka kisiwa, akakusanya makombe, vipepeo, mimea na mawe yenye mabaki ya viumbe wa kale. Kila alichokiokota alikiandika na kukichora. Hakuwa na shahada wala mwalimu wa kumsahihishia daftari. Alikuwa na macho, kalamu na ukaidi wa mtu aliyekwisha kutembea kilomita 400.

Katika bahari ya Messina kuna kiumbe aitwaye agonauta. Ni aina ya pweza, na jike lake hukaa ndani ya kombe jembamba, jeupe, lililokunjamana kwa ustadi kama karatasi iliyopindwa. Tangu zama za Wayunani wa kale wataalamu walikuwa wakibishana juu ya kombe hilo. Wengine walidai kuwa pweza huyo hulitengeneza mwenyewe. Wengine, na miongoni mwao walikuwamo mabingwa wa Paris, walishikilia kuwa ni mwizi, aliyelinyang'anya kwa mnyama mwingine, mfano wa yule kaa mdogo wa pwani aishiye katika kombe tupu la konokono. Kila upande ulikuwa na hoja ndefu. Lakini waliobishana aghalabu walikuwa na kombe kavu mezani, au pweza aliyekufa ndani ya chupa ya pombe kali. Kombe kavu halisemi limetoka wapi.

Jeanne alitambua kwamba ubishi huo hautakatwa na hoja, ila kwa kumtazama agonauta akiwa hai, siku baada ya siku, tangu yai hadi utu uzima. Tatizo ni kwamba kiumbe wa bahari akitolewa majini hufa upesi, na akiachwa baharini huzama usimwone. Kwa hiyo mnamo mwaka wa 1832 alianza kuunda vyombo. Aliunda vya namna tatu. Cha kwanza kilikuwa tangi la kioo la kuwekwa nyumbani, lenye maji ya bahari, ili mtazamaji akae kitini na kuangalia. Cha pili kilikuwa kioo kilichozungukwa na kizimba, ambacho kiliweza kuteremshwa baharini na kupandishwa tena kwa uchunguzi. Cha tatu kilikuwa kizimba kikubwa kilichotiwa nanga karibu na ufuo, maji yakipita ndani yake, na wanyama wakubwa wakiishi humo karibu kama walivyoishi walipokuwa huru. Hivyo ndivyo binti wa mshona viatu alivyolianzisha jambo ambalo leo tunaliona katika mahoteli na nyumba za matajiri tukadhani ni pambo tu.

Sidhani kuna mwalimu atakayeamini kwamba mambo yalimwendea sawa tangu siku ya kwanza. Kufuga viumbe wa bahari ni kazi ya kupoteza kabla ya kupata. Pweza hula sana, hutoroka kwa urahisi, na maji yakichafuka kidogo tu hufa. Jeanne aliwalisha agonauta wake kwa mkono. Alikwenda ufuoni kila mara kuwaangalia. Utafiti huo ulimchukua miaka, wala si majuma.

Naye alipata jibu. Aliyavunja makombe sehemu ndogo ndogo, akangoja, akaona mama pweza akiziba tundu kwa ute utokao katika mikono yake miwili iliyotandaa kama utando. Aliwafuatilia watoto tangu kuanguliwa, akaona kuwa huzaliwa bila kombe, kisha wakikua huanza kulitengeneza. Ikathibitika kwamba agonauta si mwizi. Kombe ni lake, nalo ni kitanda cha mayai yake. Ubishi wa karne nyingi ulikatwa na mtu aliyekubali kukaa karibu na maji na kungoja.

Hakuishia kwa agonauta. Aliripoti pia kuwa alimwona pweza akichukua jiwe na kulitia katikati ya kombe la chaza lililo wazi, ili lisifunge, apate kumla aliyemo. Wakati ambapo watu wengi waliamini kuwa akili ya kutumia zana ni ya binadamu peke yake, hilo lilikuwa jambo zito. Aidha, alitoa pendekezo kwamba mito iliyokwisha samaki kwa uvuvi wa kupita kiasi ijazwe tena kwa samaki waliolelewa kwanza katika vizimba.

Matokeo ya kazi yake aliyapeleka kwa jumuiya ya wanasayansi ya Gioenia mjini Catania, nayo ikampokea akawa mwanachama wake wa kwanza wa kike. Alichapisha maandishi yake, akatuma sampuli kwa wataalamu wa nchi nyingine. Mwaka wa 1839 bingwa wa Uingereza, Richard Owen, alizionyesha sampuli zake mbele ya Jumuiya ya Wanyama ya London na kumuunga mkono, ingawa wapo wengine, kama de Blainville wa Paris, waliokuwa wamempinga. Jumuiya zaidi ya kumi za Ulaya zilimwandikisha kuwa mwanachama, katika zama ambazo nyingi kati yake zilikuwa hazijazoea kumwona mwanamke mlangoni.

Lakini bahari iliyompa sifa ndiyo iliyomnyang'anya hazina. Mwaka wa 1838 meli iliyobeba sehemu kubwa ya mikusanyo yake, pamoja na michoro na maandishi, ilizama. Makombe, mawe ya kale, daftari za miaka mingi, vyote vikarudi majini. Fikiria, ewe mwalimu, maandalio yako yote ya masomo na kumbukumbu zako tangu siku ya kwanza kazini yateketee kwa saa moja. Jeanne aliendelea kuandika. Alichapisha kitabu cha kuwaongoza wageni katika kisiwa cha Sicilia mwaka wa 1842. Lakini utafiti mkubwa kama ule wa kwanza hakuufanya tena. Mwaka wa 1843 yeye na mumewe waliihama Sicilia, wakawa wanaishi mara Paris, mara London.

Hapa ndipo ninapoliona funzo kubwa zaidi la maisha yake. Kilichozama ni kile alichokuwa amekiweka katika masanduku. Kilichosalia ni kile alichokuwa amekwisha kuwagawia watu: ripoti iliyokuwa Catania, sampuli zilizokuwa mikononi mwa Owen, makala zilizochapishwa. Kama angelinyamaza na kungoja hadi kila jambo likamilike, leo tusingelijua hata jina lake. Elimu iliyofungiwa sandukuni ni sawa na mzigo ulio melini, usalama wake hutegemea hali ya hewa.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakiendelea na kazi aliyoianza. Mwaka wa 1846 mama mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka ufuo wa Torquay akayapeleka nyumbani kwake London, mbali na bahari. Maji yake yalihitaji hewa, na wakati huo hapakuwa na pampu ya umeme. Basi yalimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, na kazi hiyo ya kuchosha ilimwangukia mtumishi wa nyumba. Baadaye Thynne alitia mimea ya baharini, na matumbawe yake yakaishi kwa miaka. Mwaka wa 1853 hifadhi ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholieneza neno akwariamu. Uingereza nzima ikaingiwa na wazimu wa matangi. Watu wakamiminika pwani na ndoo na nyundo, wakabandua kila kilichokuwa hai juu ya miamba. Mwanawe Gosse, Edmund, alikuja kusimulia katika kitabu cha mwaka wa 1907 jinsi madimbwi mazuri ya ufuoni aliyoyaona utotoni yalivyoharibiwa na watu waliochochewa na vitabu vya baba yake mwenyewe.

Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Mtu anayetaka kuifuga bahari anaweza kuwa ndiye wa kwanza kuiua. Pwani yetu ya Kenya ina hifadhi za bahari za Malindi na Watamu tangu mwaka wa 1968, na bado mwaka wa 1998 joto la maji liliua sehemu kubwa ya matumbawe yake. Kwa hiyo shule ya Nakuru haina ruhusa ya kubomoa mwamba wa Watamu ili kupamba maabara yake. Jeanne alipeleka kizimba baharini ili mnyama abaki katika maji yake mwenyewe. Huo ulikuwa uchunguzi wenye adabu.

Sasa na turudi Bonde la Ufa. Nilipokuwa nikisimulia habari hizi darasani, kijana mmoja alitoa hoja kwamba tumehangaika bure na mitungi ya Mombasa ilhali Ziwa Nakuru, lenye maji ya chumvi, liko karibu na shule. Hoja hiyo ni nzuri, na kosa lake linafundisha. Chumvi ya ziwa letu si ile ya bahari. Maji ya ziwa ni ya magadi, na ukali wake kwa kipimo cha pH hufikia 10 na zaidi, ilhali maji ya bahari hukaribia 8. Bahari ina chumvi ya kawaida pamoja na kalisi, na kwa kalisi hiyo matumbawe hujenga mifupa yake. Katika maji ya magadi kalisi huganda na kutuama, isibaki ya kutosha. Hata kama tungeruhusiwa kuyateka maji hayo, samaki wa bahari wangekufa mapema kuliko wale wetu wanne.

Isitoshe, ziwa lenyewe ni tangi kubwa ambalo binadamu wamekwisha kulichezea. Kuanzia miaka ya 1950, samaki wadogo wa Ziwa Magadi waliletwa wakatiwa katika Ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki wakaongezeka, na mwari wakaja kwa maelfu kuwala. Ukame wa miaka ya 1990 ulipolipunguza ziwa, samaki walikufa. Tangu mwaka wa 2010 hivi, maji yalipanda kinyume, yakameza lango kuu la hifadhi na miti ya kandokando, na heroe wakapungua kwa sababu mwani wanaoula hupenda maji ya magadi mazito. Kule Naivasha, serikali ililazimika kuusimamisha uvuvi mwaka wa 2001 kwa kuwa samaki walikuwa wamekwisha. Pendekezo la Jeanne la kulea samaki kwanza na kuyajaza maji upya halikuwa ndoto ya mwanamke mwenye nafasi. Ni suala linalowahusu wavuvi wetu hadi leo.

Katika ziwa makosa hutazamwa kwa miaka hamsini, na hakuna awezaye kuyamwaga maji na kuanza upya. Katika tangi la shule kosa huonekana kwa siku tisa. Basi na tuulize, ni nini kiliwaua samaki wetu? Jibu lilikuwa katika vitabu nilivyokuwa nikifundishia. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika bahari, bakteria huigeuza kwa hatua mbili hadi ikawa chumvi isiyo na madhara makubwa. Maji yetu yaliyosafiri ndani ya mitungi hayakuwa na bakteria hao wa kutosha, na tangi jipya huhitaji majuma kadhaa kabla hawajazaana juu ya mawe na mchanga. Tuliwatia samaki siku ya kwanza, yaani tuliwakaribisha wageni katika nyumba isiyo na choo. Mimi nilikuwa nimeifundisha mizunguko ya nitrojeni kwa miaka mingi, nikaichora ubaoni kwa mishale mizuri, nisiwahi kuiamini hata ikaniulia samaki.

Tulilitoa tangi ghalani. Safari hii tulilijaza maji, tukaweka mawe na mchanga, tukaacha bila samaki. Wanafunzi walipima maji kila siku, na walichoka kutazama tangi lisilo na kitu. Amonia ikapanda, ikakaa, ikashuka. Umeme ukakatika usiku wa Jumamosi, pampu ikasimama, lakini kwa kuwa hapakuwa na samaki hapakuwa na msiba. Tuliingiza samaki wawili tu katika juma la saba. Mmoja alikufa baada ya mwezi mmoja, na sababu yake tuliijadili kwa vipindi viwili vizima. Mwingine aliishi hadi wanafunzi hao walipomaliza kidato cha nne.

Naandika haya kwa sababu naona hatari katika shule zetu. Tunazungumza sana juu ya umilisi, lakini bado tunawaogopa wanafunzi na tunaliogopa jambo lililo hai. Mchoro haufi, kwa hiyo haumwaibishi mwalimu. Samaki akifa kuna wa kulaumiwa. Matokeo yake ni kwamba tunawalea vijana ambao hawajawahi kuwajibikia uhai wa kitu chochote katika masomo yao, kisha tunashangaa wakiyakabidhiwa maziwa, misitu na mashamba yetu na kuyaendesha kama michoro. Naelewa vyema kwamba shule nyingi hazina fedha za tangi la kioo. Jeanne mwenyewe alianza kwa kutazama. Beseni la maji ya mto Njoro lenye viluwiluwi, au chupa yenye mwani na konokono, litafundisha mengi likiangaliwa kila siku na kuandikwa habari zake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayetaka kuwafahamu walio hai sharti akubali kuwapoteza baadhi yao, aseme amewapoteza kwa nini, kisha aanze tena.

Jeanne Villepreux-Power aliihama Paris wakati jeshi la Prussia lilipouzingira mji huo, akarudi Juillac, kijiji alichotoka kwa miguu miaka karibu sitini iliyotangulia. Huko alifariki mwezi wa Januari mwaka wa 1871. Mwaka wa 1858 Owen alikuwa amemtaja kuwa ndiye mwanzilishi wa ufugaji wa viumbe katika matangi, lakini baada ya kifo chake jina lake lilisahaulika kwa zaidi ya karne. Mwaka wa 1997 shimo moja kubwa katika sayari ya Zuhura lilipewa jina lake. Kwa mwanamke aliyetumia maisha yake kutazama chini ya maji, ni heshima iliyochelewa, tena iliyo mbali.

Yule msichana aliyeniuliza swali ndiye aliyekuwa mtunza kumbukumbu wa tangi letu la pili. Siku nilipomaliza kuwasimulia kisa cha meli iliyozama, hakusema neno. Juma lililofuata nilikuta daftari mbili juu ya meza ya maabara, moja ikiwa nakala ya nyingine, kila siku ya vipimo imeandikwa mara mbili, na siku za vifo zimepigiwa mstari. Moja aliiacha shuleni. Ya pili aliipeleka kwa walimu wa shule jirani, ambao nao walikuwa wameanza kuuliza bei ya vioo.